Kwa Nini Mwanamume wa Kizuni Humwita Mvulana "Baba"

Katika kijiji cha Zuni, magharibi mwa jimbo la New Mexico nchini Marekani, mwanamume wa makamo anaweza kumtaja mvulana ambaye bado yuko shule ya msingi kwa neno tachchu, yaani baba. Hamtanii, wala mvulana hajarithishwa jina la marehemu yeyote. Mvulana huyo ni mtoto wa shangazi yake. Sisi tungesema ni binamu, mambo yakaisha. Wazuni wanasema ni baba, na dada wa mvulana huyo, hata kama bado anabebwa mgongoni, ni shangazi.

Anayekutana na jambo hili katika vitabu vya anthropolojia kwa kawaida huonyeshwa mchoro wa pembetatu na maduara, huambiwa kwamba huu ni "mfumo wa Crow", yaani mpangilio wa majina ya undugu uliopewa jina la kabila la Crow la Marekani, kisha huachwa hapo hapo akikuna kichwa. Mchoro wenyewe hauna kosa, ila unamweka msomaji mahali pasipofaa. Unaanza na mtu mmoja na mistari ya damu inayomtoka kila upande. Mzuni huanza na nyumba: fulani kazaliwa nyumba ipi, na nyumba hiyo ina uhusiano gani na yangu. Ukiishika nyumba, majina yanayotatanisha hujipanga yenyewe, na ndiyo maana nitakawia kwenye nyumba kabla ya kuyagusa majina.

Wazuni, ambao wenyewe hujiita A:shiwi, ni watu wapatao 10,000 hivi. Lugha yao haina ndugu anayejulikana kati ya lugha za dunia. Kwa karne nyingi wamelima mahindi, maharage na maboga katika nchi kame iliyo mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Wahispania walioongozwa na Coronado walipofika mwaka 1540 waliwakuta katika vijiji kadhaa, Hawikku kikiwa kimojawapo. Baada ya uasi mkubwa wa watu wa Pueblo, yaani wenyeji wa vijiji vya eneo hilo, Wazuni wakiwamo, dhidi ya Wahispania mwaka 1680, Wazuni walikimbilia juu ya Dowa Yalanne, mlima wenye kilele bapa na kingo zinazoteremka wima. Waliposhuka hawakurudi kwenye vijiji vyao vya zamani. Walijenga pamoja mahali pamoja, Halona, na hapo ndipo Zuni ya leo ilipo. Tangu wakati huo kabila zima likawa linaishi ukuta kwa ukuta. Nyumba za mawe zilipandiana ghorofa juu ya ghorofa, na mtu aliingia ndani kwa ngazi kupitia tundu la paa.

Ndani ya lundo hilo la vyumba, nani alikaa na nani?

Kiini cha nyumba ya Kizuni ni wanawake wa tumbo moja: bibi, binti zake, na binti za binti zake. Pamoja nao wapo waume zao, watoto wote, na wana wa kiume ambao hawajaoa. Binti akiolewa haondoki. Mume ndiye anayefungasha na kuhamia. Nyumba ikijaa, huongezwa chumba ubavuni au juu ya dari, na dada aliyeolewa akapata pa kulala bila kutoka kwa mama yake. Kuinua kuta za mawe ni kazi ya wanaume, kuzipiga udongo zikawa laini ni kazi ya wanawake, na nyumba ikishasimama ni mali ya wanawake waliozaliwa humo. Mume aliyebeba kila jiwe mgongoni hana dai juu yake.

Alfred Kroeber, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti Zuni mwaka 1915 na 1916, aliorodhesha nyumba za kijiji na wakazi wake. Aliona kwamba mwanamke wa Kizuni huzaliwa, huzaa na hufia kati ya kuta zilezile, ilhali mwanamume huzaliwa nyumba moja, huoa nyumba nyingine, na ndoa ikivunjika huenda ya tatu. Nadhani hili ndilo jambo la kwanza la kulishika. Wanawake wametulia, wanaume wanapita kati yao.

Ghala la mahindi ndilo linaloonyesha vizuri maana ya umiliki huu. Mume hulima shamba, hupalilia, huvuna, hubeba mavuno hadi nyumbani kwa mkewe. Mahindi yakishaingia ghalani ni ya wanawake wa nyumba ile. Wao ndio wanaopanga yapi yatapikwa, yapi ni mbegu, yapi yatapelekwa kwa watu wenye shughuli. Kusaga kulifanyika kwenye mawe yaliyopangwa safu moja, kila jiwe katika kisanduku chake. La kwanza lina uso wa kukwaruza, linalofuata ni laini kidogo, la mwisho ni laini kabisa. Wasichana hupiga magoti bega kwa bega, unga ukipita kutoka jiwe hadi jiwe mpaka unakuwa kama vumbi. Kwa unga wa namna hiyo hutengenezwa hewe, mkate mwembamba kama karatasi. Mwanamke huchovya vidole kwenye uji mwepesi, huupaka kwa mkono mtupu juu ya bamba la jiwe lililochomwa moto sana, na papo hapo huubandua ukiwa umeiva. Anayejua kazi hii haungui. Hujifunza kwa mama na kwa dada za mama, katika chumba ambacho nao walijifunzia.

Sasa tuje kwenye majina. Msomaji wa Kiswahili itabidi ayaweke kando masikio yake kwa muda, kwa sababu sauti kadhaa zinafanana na zetu na maana hazifanani hata kidogo. Kwa Kizuni, kaka ni mjomba, papa ni kaka mkubwa, nana ni babu, na kuku ni shangazi.

Kila Mzuni anazaliwa akiwa na nyumba mbili. Ya kwanza ni ya mama yake, ambayo ni yake. Humo yumo tsitta, mama, na jina hilo linawafikia pia dada za mama. Yumo hotta, bibi mzaa mama. Yumo kaka, yule mjomba, ambaye huenda analala kwingine kwa mkewe lakini hapa ndipo kwao. Na wamo ndugu, ambao hutofautishwa kwa umri kabla ya jambo lingine lolote: papa ni kaka mkubwa, kawu ni dada mkubwa. Wadogo wana majina mengine, na hapo jina hutegemea pia kama anayesema ni mwanamume au mwanamke. Mwanamume humwita mdogo wake wa kiume suwe, ilhali mwanamke ana neno moja linalotosha kwa wadogo zake wa kike na wa kiume.

Nyumba ya pili ni ile aliyozaliwa baba. Baba mwenyewe kahama, anakaa kwenu, lakini mama yake na dada zake wako kulekule. Ukiitazama nyumba hiyo kutoka kwenu, huhitaji kupanga watu wake kwa vizazi. Unachohitaji kujua ni kwamba hao ni watu wa upande uliomtoa baba. Wanaume waliozaliwa humo ni wa aina moja na baba yako, kwa hiyo ni tachchu. Wanawake waliozaliwa humo ni kuku, isipokuwa mama wa baba, mwenye jina lake la heshima, wowo. Binti wa shangazi amezaliwa humo, basi naye ni kuku. Mwana wa shangazi amezaliwa humo, basi ni tachchu. Umri hauingii. Mvulana yule wa shule ya msingi ni baba kwa sababu ametoka mlango uleule aliotokea baba.

Geuza sasa upande. Mjomba wako kazaliwa nyumba yako, akaoa kwingine, akapata watoto huko. Kwa watoto hao, nyumba yako ndiyo nyumba iliyomtoa baba yao. Ukiwa mwanamume, wewe kwao ni tachchu, nao kwako ni kama watoto wako, hata kama mlizaliwa mwaka mmoja. Ukiwa mwanamke, kwao wewe ni kuku. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, kwa sababu wanawatafuta binamu wasiokuwepo. Watoto wa dada za mama ni ndugu zako hasa, papa na kawu, mmelelewa chini ya dari moja. Watoto wa shangazi ni baba na shangazi. Watoto wa mjomba ni wanao. Hakuna aliyebaki wa kuitwa binamu.

Juu ya nyumba kuna ukoo. Kroeber alihesabu koo 15 hivi, zenye majina kama Tai, Jua, Mahindi, Dubu, Chura, Tumbaku, na mkubwa kuliko zote, Pichikwe. Mtu huchukua ukoo wa mama. Ila hakuna Mzuni anayeishia hapo anapojitambulisha. Husema yeye ni wa ukoo fulani, na ni "mtoto wa" ukoo fulani, akimaanisha wa baba. Kuoa ndani ya ukoo wako ni mwiko, na kuoa ndani ya ukoo wa baba hakupendwi. Majina yale ya nyumba hunyooshwa hadi kwenye ukoo mzima, hivyo mwanamke yeyote wa ukoo wa baba anaweza kuwa kuku. Hata hivyo Kroeber alisisitiza, nami nakubaliana naye, kwamba ukoo ni kivuli kirefu cha nyumba. Ukoo haulimi pamoja, hauli pamoja, haumiliki ghala. Nyumba ndiyo inayofanya hayo.

Mtu anaweza kudhani kwamba nyumba ya baba ni ya kutajwa tu. Sivyo. Mtoto anapotimiza siku ya nane tangu azaliwe, wanawake wa upande wa baba huja kabla ya mapambazuko. Humwosha kichwa, humtilia unga wa mahindi mkononi, humtoa nje akiwa ameelekezwa mashariki, na jua linapochomoza mkubwa wao huomba apewe maisha marefu. Mama yake mzazi, ambaye nyumba ni yake na mtoto ni wa ukoo wake, anawaachia wao tendo hilo. Kuoshwa kichwa kunarudi tena katika nyakati nyingine kubwa za maisha, na mtu akifa, wanawake wa ukoo wa baba yake ndio wanaouosha mwili. Ninaona hapa hekima kubwa ya upangaji. Nyumba ya mama inakulisha na kukupa jina la ukoo, na nyumba ya baba inakupokea duniani na kukuaga. Jina kuku limebeba wajibu huo wote, ndiyo maana halitoshi kulitafsiri kwa "shangazi" ukaendelea na safari.

Nyumba ya tatu humhusu mwanamume: nyumba ya mkewe. Zamani ndoa ilianza kwa utulivu. Kijana alikuja nyumbani kwa msichana, baba wa msichana akazungumza naye, akabaki. Baada ya usiku wa nne, alfajiri, bibi harusi alivaa nguo zake nzuri akapeleka kikapu kikubwa cha unga laini wa mahindi kwa mama mkwe wake. Unga ule alikuwa ameusaga mwenyewe, na kwa kuupokea nyumba ya mume ilikuwa imekiri ndoa. Talaka nayo haikuwa na mahakama. Mke aliyechoka na mumewe alikusanya vitu vyake, viatu vya ngozi, mavazi ya ngoma, akavifunga bunda na kuliweka nje mlangoni. Mume akirudi jioni akaliona, alilibeba akarudi kwa mama yake. Watoto walibaki, kwa sababu nyumba ni yao.

Ila tusimwonee huruma kupita kiasi. Anakorudi hakuitwi ugenini. Kwa mama yake na dada zake hakuwahi kuacha kuwa mwenyeji. Na lipo jambo linalomrudisha huko hata kama ndoa yake ni imara. Baadhi ya nyumba za Zuni huhifadhi vitu vitakatifu vya makuhani wa mvua, navyo havihami. Hutunzwa na wanawake wa nyumba, na ukuhani unaoambatana navyo hukaa katika ukoo wa kuukeni wa nyumba ile. Kuhani anaweza kuwa ameoa upande wa pili wa kijiji, lakini wakati wa kufunga na kuomba mvua ukifika hurudi kwenye nyumba ya mama yake. Kwa watoto wa dada zake, huyu ndiye kaka, mjomba, na mambo ya ibada ya nyumba hiyo watayapata kwake.

Upo upande mwingine wa dini usiopitia kwa mama wala kwa mjomba. Kila mvulana huingizwa katika chama cha kachina, yaani cha roho wanaoleta mvua, chenye makundi sita, kila moja na chumba chake cha ibada, kiva. Kundi lake hufuata la baba wa kiibada aliyechaguliwa kwa ajili yake. Kwa njia hii mwanamume mmoja huwa na nyumba ya mama, nyumba ya baba, nyumba ya mke na kiva, na hakuna sehemu hata moja inayomshika mzima. Watafiti wengi wameona kwamba mpangilio huu ndio uliozuia kijiji kilichobanana namna ile kugawanyika kiukoo. Ugomvi wa koo mbili ungemkuta kila mtu ana ndugu pande zote.

Je, basi, wanawake ndio wanaotawala? Swali hili huulizwa kila mara, na jibu ni hapana. Msomaji anayewajua Waluguru wa Morogoro, au watu wa Ngazidja katika visiwa vya Komoro, ambako nyumba ni ya binti na mume ndiye huhamia, hatashangaa kusikia kwamba kufuata ukoo wa mama na kutawaliwa na wanawake ni mambo mawili. Zuni, ukuhani mkuu na uongozi wa nje vimekuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wanaume. Kondoo, waliokuja na Wahispania, walikuwa mali ya wanaume, wakichungwa kwa zamu na ndugu wa kiume, wajomba na wapwa waliochanganya mifugo yao. Mamlaka ya mwanamke ni ya nyumba, shamba lake na ghala, na katika nchi ambamo mvua ikikosa watu hula cha ghalani, mamlaka hayo si madogo.

Mwaka 1937 mtaalamu wa Kichina, Li An-che, aliyekuwa ameishi na familia ya Kizuni, alichapisha makala fupi ambayo bado ninaithamini kuliko maandishi marefu mengi. Alitoka katika jamii inayofuata ukoo wa baba, na macho yake yaliona yaliyowapita wenzake wa Kimarekani. Wao walikuwa wameandika kwamba watoto wa Zuni hawaadhibiwi. Li alieleza kwamba mtoto hamtegemei mzazi mmoja wa kumrudi. Yuko chini ya macho ya watu wazima wote wa nyumba, na mtazamo mmoja wa mkubwa yeyote unatosha kumtuliza. Nyumba yenye akina mama watatu na wajomba wanaoingia na kutoka haihitaji fimbo sana.

Kuna jambo moja zaidi ambalo michoro hulificha. Majina haya hayafuatwi kama hesabu. Kroeber mwenyewe alikuta mtu mmoja akimwita jamaa yuleyule kwa majina tofauti, kwa sababu katika kijiji cha ndoa nyingi zilizopishana, njia za kufika kwa mtu mmoja ni nyingi. Mwaka 1956 David Schneider na John Roberts waliliangalia upya suala hili wakaonyesha kwamba jina hufuata sana nafasi ambayo mtu anaichukua katika maisha yako. Mume wa mama mdogo aliyekulea anaweza kuwa tachchu kwa sababu amekuwa baba. Mzee yeyote ni nana. Hiyo haimaanishi kanuni ya nyumba ni ya uongo. Inamaanisha watu wanaichagua njia inayolingana na wajibu wanaotaka kuutambua, na anayekuita kwa jina la undugu amekukumbusha unachodaiwa.

Maisha ya leo yameivuta nyumba hiyo pande nyingi. Serikali ya Marekani iliweka hifadhi ya Zuni, eneo lililotengwa kwa ajili ya Wazuni, mwaka 1877, kisha zikaja shule, ajira za mshahara, na ufundi wa fedha na feruzi ambao sasa unalisha familia nyingi, mara nyingi mume na mke wakifanya kazi meza moja. Nyumba za mpango zilijengwa nje ya kijiji cha zamani, kama kule Black Rock, kila moja kwa ajili ya wazazi na watoto wao. Wanandoa vijana wengi hawakai tena chini ya dari ya bibi.

Lakini mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, wanapokuja Shalako, wachezaji wa ibada wenye vinyago virefu wanaowakilisha wajumbe wa miungu ya mvua, ramani ya zamani huonekana tena. Familia inayojitolea kumpokea mmoja wa Shalako sita hujenga nyumba mpya au huikarabati kabisa iliyopo, kwa kuwa viumbe hao warefu watacheza ndani yake usiku kucha na wageni wote watalishwa. Hakuna wazazi wawili wanaoweza kuibeba kazi hiyo. Ndugu wa kiume wa mwenye nyumba hurudi kuinua kuta, waume wa dada huleta kuni na kondoo, na wanawake wa pande zote huoka mikate kwa mamia katika tanuri za udongo zilizo uani.

Suala gumu zaidi siku hizi ni ndoa za nje. Mama akiwa Mzuni na baba akiwa mgeni, mtoto ana ukoo, ana nyumba, ana kaka, yaani mjomba, wa kumfundisha. Anachokosa ni wanawake wa upande wa baba wa kumwosha kichwa, hivyo lazima watafutwe wa kushika nafasi yao. Baba akiwa Mzuni na mama akiwa mgeni, wowo na kuku wapo, na mtoto anaweza kusema yeye ni "mtoto wa" ukoo wa baba. Ukoo wake mwenyewe hana, kwa sababu ukoo haupitii kwa mwanamume, na hakuna nyumba ya Zuni anayoweza kuiita kwa mama.